Mnazi Wenye Chupa

Siku hiyo walikuwepo Mzee Mwinshehe, ambaye kijiwe kizima kilimwita Korosho kwa sababu alimalizia ujana wake kwenye kubangua. Yahya Mhandisi, ambaye uhandisi wake ulianzia kwenye kubeba zege na ukaishia hapo hapo. Mahfoudh mwenye duka, jina lake la utani Kilo Pungufu, ingawa hilo walilitaja akiwa ndani tu. Issa Kona wa bodaboda. Dija aliyekuwa akimimina kahawa. Na binti yake Lulu, amelala juu ya mkeka nyuma ya jiko la mkaa. Benchi lao lilikaa kwenye kona ya Mtaa wa Kiwandani, mbele ya duka la Mahfoudh, likitazamana na uzio wa mabati uliozunguka kilichokuwa kiwanda cha korosho. Zamani king'ora cha kiwanda kile kiliuamsha mtaa, kikaulisha, kikaulaza. Kiwanda kikafa, mapaa yakaanguka, magugu yakapanda hadi madirishani. Sasa walikuja watu wa kusafisha kiwanja ili yajengwe maghala na maduka, na badala ya king'ora mtaa ukaamshwa na kijiko, mashine ya njano yenye mkono mrefu, ikichimba na kubomoa toka jua halijakomaa. Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa mninga, miguu imezama ardhini kama limeota. Halikuwahi kusogezwa. Siku gari la bibi harusi liliposhindwa kukata kona, waliliambia lizunguke.

Asubuhi hiyo kijiko kilinguruma kidogo, kisha kikanyamaza.

— Kimezima, alisema Yahya, kikombe kikiwa nusu njia ya kwenda mdomoni.

— Kimezima au kimezimwa? aliuliza Mahfoudh. Hayo ni mambo mawili.

— Kimezima. Wamegonga maji. Mimi nilisema tangu siku ya kwanza, hamkunisikiliza. Chini ya Bagamoyo hakuna ardhi, kuna maji. Mji huu unaelea.

— Unaelea! alisema Mzee Mwinshehe. Na misikiti yote hii ya mawe?

— Imetia nanga. Wahenga hawakuwa wajinga, mzee wangu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mzee Mwinshehe aliweka kikombe chake chini, karibu kabisa na mkono wa Dija, kama walivyofanya wote, ili asilazimike kuinuka. Hakuna aliyewahi kutangaza desturi hiyo. Dija aliliona jambo hilo kila siku na kila siku lilimgusa. Dele, birika la kahawa, lilikuwa la babu yake, Mzee Bwanausi, ambaye miguu ilimkataa. Asubuhi ya kwanza Dija alipolileta yeye, kijiwe kilikaa kimya kama kimefiwa, maana hapakuwahi kumimina mwanamke pale. Ni Mzee Mwinshehe aliyenyoosha kikombe. "Mimina, mjukuu wangu," alisema. "Kahawa haiulizi nani kashika dele." Tangu hapo Lulu akiwa macho hapatukanwi, na kila asubuhi Mahfoudh humletea Dija ndoo ya maji ya kuoshea vikombe, akinuna, akisema ni maji yaliyobaki ya udhu. Maji ya udhu hayabaki ndoo nzima.

— Siyo maji, alisema Mzee Mwinshehe. Pale chini kuna mapipa ya mafuta ya maganda ya korosho. Tuliyafukia wenyewe, mimi na marehemu Abdulwahab. Mafuta yale yakikugusa, ngozi inavuka kama soksi. Kijiko kimeungua mkono.

— Chuma kinaungua, mzee? aliuliza Issa.

— Wewe korosho unaijua ya kutafuna. Mimi nilikuwa na mkanda una kifungo cha chuma. Mafuta yakala kifungo, yakabakiza mkanda.

— Labda ulikuwa mkanda wa deni, deni haliishi, alisema Issa, na Yahya akacheka hadi kahawa ikamtoka puani.

Dija alicheka naye, lakini sikio lake lilibaki kule nyuma ya mabati. Kelele za kijiko zilimtesa juma zima. Sasa ukimya ulimtesa zaidi, kwa sababu jana jioni alichungulia penye tundu la bati akaona mashine imefika mwisho wa kota za wafanyakazi, na baada ya kota hapakuwa na kitu kingine isipokuwa ule mnazi.

Yeye na mumewe Ally walipanga chumba kwenye kota zile wakati kiwanda kilishakufa na vyumba vikikodishwa kwa watu wa hali ya chini. Lulu alizaliwa hapo, kabla ya siku zake, mdogo kama paka. Kitovu chake kilichelewa kudondoka, na kilipodondoka Ally alikichukua kwa mikono miwili, akachimba shimo nyuma ya chumba, akakizika, akapanda juu yake nazi iliyochipua. Akaokota chupa tupu za soda mtaani, akazichomeka kichwa chini kuzunguka mche, kama bustani ya tajiri. "Huyu na huyu watakua pamoja," alisema. "Mmoja akisinzia, mwingine atamwamsha." Lulu alianza kunyonya vizuri wiki ile ile. Ally alikuwa utingo wa lori, na lori lilimchukua karibu na Chalinze kabla mtoto hajajua kusema baba sawasawa. Kwa hiyo Lulu akiulizwa baba yake yuko wapi, haonyeshi makaburini. Anaonyesha upande wa mnazi.

Kota zilipofungwa, Dija alihamia chumba kimoja uani kwa watu. Mpangaji hana mti. Alilijua hilo, ndiyo maana hakumwambia mtu. Alfajiri alipenya kwenye upenyo wa mabati na kidumu chake, akaumwagilia mnazi, akarudi. Mlinzi wa pale, kila akimwona, aligeuka kufunga kamba za viatu. Dija alikuwa ameshaona kwamba mlinzi huyo huvaa ndala.

Alikwenda getini mara mbili kutaka kusema na mwenye kijiko. Mara zote mbili ulimi ulimgoma. Angesema nini? Msimamishe kazi ya watu kwa ajili ya mnazi wa mpangaji?

— Nyote mmepotea, alisema Mahfoudh, akishusha sauti na kutazama kushoto na kulia, kana kwamba mtaa mzima haukuwa umekwisha kumsikia. Jana jioni nilikuwa nahesabu sabuni. Nikasikia, ngoo! Udongo hausemi ngoo. Jiwe halisemi ngoo. Sanduku la bati lililojaa rupia za Mjerumani ndilo linalosema ngoo.

— Umewahi kuligonga? aliuliza Yahya.

— Ndugu yangu, mambo mengine yanajulikana. Mjerumani alipokimbia hapa alikimbia na suruali tu. Rupia alizibeba wapi? Na wale wachimbaji wamejua, ndiyo maana wamezima mashine, wanachota kwa mikono kimya kimya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hamkuona mkono wa kijiko jana ulivyoinama?

— Umeinama kwa sababu ndiyo umbo lake!

— Na nani alilitengeneza umbo hilo? Mjerumani!

Hapo Issa alisimama juu ya benchi, jambo ambalo Mzee Mwinshehe alilikemea kila siku.

— Shuka! Benchi hili lina umri kuliko baba yako.

— Poa, dingi, nashuka. Lakini nyie mmechelewa kinoma. Kuna mchizi wangu, ana mchizi wake, anampelekea msosi mlinzi wa pale. Wamekuta mlango.

— Mlango wa nini?

— Handaki. Unaingilia kiwandani, unatokezea Unguja.

— Chini ya bahari?

— Sasa likipita juu si litakuwa daraja, mzee baba?

— Nani alilichimba?

— Majini. Tena siyo haya majini ya kienyeji ya kumpanda mtu kichwani aombe marashi. Majini wasomi.

Kijiwe kilitafakari. Kisha, kama kawaida ya pale, nadharia zikaanza kuoana. Yahya akasema basi kama kuna handaki, yale maji aliyoyasema ni ya bahari inayovuja kupitia handakini. Mahfoudh akasema Mjerumani hakuwa mjinga, rupia alizificha humo humo. Mzee Mwinshehe akakumbuka ghafla kwamba yeye na marehemu Abdulwahab walipofukia yale mapipa, kuna mkono uliwapokelea kutoka chini.

— Mkono!

— Una pete.

— Na hukutuambia miaka yote hii?

— Mngeniita mwongo.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Yahya kwa heshima, ingawa haikujulikana nani alikuwa na haraka.

Lulu aligeuka usingizini, kidole mdomoni. Dija akamfunika miguu kwa kipande cha kanga na akamimina duru nyingine. Kahawa ilitoka nyembamba. Dele lilikuwa linaelekea tamati.

Geti la mabati likafunguka. Akatoka mtu mrefu mwenye kizibao cha njano na kofia ngumu mkononi, amejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Alivuka barabara taratibu, akiangalia kila nyumba kama anayetafuta mlango.

— Asalaam alaykum.

— Waalaykum salaam! Kijiwe kizima kilijibu, na kabla hajavuta pumzi akawa ameshakalishwa katikati ya benchi.

— Shikamoo, mzee wangu, alimwambia Mwinshehe.

— Marahaba, mwanangu. Watokea wapi?

— Miono. Naitwa Dilunga. Ndimi opareta wa kijiko hicho.

— Tunakujua, tunakujua! Maji yamefika wapi? aliuliza Yahya.

— Maji gani?

— Wewe usiwe na wasiwasi, sisi ni watu wa hapa hapa. Sanduku liko zima? aliuliza Mahfoudh.

— Sanduku gani, ami?

— Oya, kaka, niambie mimi pembeni, alisema Issa. Mlango unafungukia ndani au nje?

Dilunga aliwatazama mmoja mmoja kama anayehesabu mbuzi wasio wake. Dija alimpa kikombe. Aliona jinsi alivyofuta mkono kwenye suruali kwanza, ndipo akakipokea.

— Ahsante, dada. Mimi nimekuja na swali, na nimezunguka nalo mtaa wa nyuma wote tangu nizime mashine. Kwenye bomba la maji kule hawajui. Kwa fundi baiskeli hawajui. Wameniambia niende kijiweni, kijiweni wanajua kila kitu.

— Hujapotea, alisema Mzee Mwinshehe, akikaa vizuri.

— Kule nyuma ya kota, mwisho kabisa, kuna mnazi mdogo umezungushiwa chupa. Ni wa nani?



Yahya alimtazama Mwinshehe. Mwinshehe alimtazama Mahfoudh. Mahfoudh aliangalia ndani ya kikombe chake, ambamo hamkuwa na kitu. Issa alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kona ile akaufunga bila kusema.

— Labda… wa kiwanda, alisema Yahya kwa sauti ndogo.

— Siyo wa kiwanda. Mahali pote pale pamekauka kama mfupa, ila chini ya mnazi ule udongo ni mbichi. Kuna mtu anaumwagilia. Nilipoona hivyo nikazima mashine. Nimemwambia msimamizi injini imechemka, inataka kupumzika.

— Kumbe haijaharibika? Mzee Mwinshehe aliuliza, na ungesema amefiwa.

— Nzima kabisa. Mzee, mti wenye chupa hivyo, peke yake, mimi kwetu naujua. Wangu mama aliupanda Miono, upepo ukauangusha nikiwa shule. Mama alilia siku mbili, na mimi nipo mbele yake nakula ugali. Kwa hiyo siugusi mnazi wa namna hiyo mpaka nimwone mwenyewe.

Kikombe alichokuwa akikijaza Dija kilifurika, kahawa ikamwagika kwenye sahani, ikateremka kwenye mkeka. Hakuiona.

— Wa Lulu, alisema.

— Lulu nani? aliuliza Yahya.

— Lulu wetu. Huyu. Ni mnazi wa kitovu chake. Ally aliupanda.

Wote wakamtazama mtoto aliyelala, kisha wakamtazama Dija, na hakuna aliyemuuliza kwa nini hakusema. Mzee Mwinshehe alivua kofia yake, akaifuta, akaivaa tena.

— Alhamdulillahi, alisema Dilunga. Sasa sikiliza, dada. Kuuacha pale siwezi, hapo ndipo patapita msingi. Lakini naweza kuuchimbua mzima na udongo wake. Nazunguka mbali na shina, naunyanyua na tonge lake lote kama mtoto kwenye mbeleko. Msimamizi kasema udongo ni udongo, nipeleke ninakotaka, mradi tipa lisirudi likanikuta sijamaliza. Wewe niambie tu. Niupeleke wapi?

Dija aliweka dele chini.

— Sina pa kuupeleka, alisema. Nakaa chumba kimoja, ua wote ni saruji. Mimi ni mpangaji, kaka yangu.

Watu hawa asubuhi ile ile walikuwa wameufanya mji uelee, wamemtajirisha Mjerumani, wamewachimbia majini handaki hadi Unguja. Sasa walitakiwa kupata shimo moja, na hakuna aliyekuwa nalo. Yahya alikaa kwa dada yake. Issa alilala stoo. Mzee Mwinshehe shamba lake lilikuwa Makurunge, na huko mtoto angeuona mnazi wake mara ngapi?

Issa alichungulia ndani ya dele.

— Na kahawa imeisha, alisema.

Ndipo Mahfoudh alipoinuka. Alipiga mguu chini, mbele ya benchi, akasikiliza kama anayenunua tikitimaji. Akapiga upande wa kulia, kwenye kokoto. Akapiga kushoto, kwenye sakafu ya duka. Akarudi katikati.

— Udongo mzuri kwenye kona hii uko mahali pamoja, alisema. Mmeukalia.

Hakuna aliyesogea.

— Ami, alisema Dija, kiwanja ni chenu. Kesho ukiuza…

— Kiwanja ni cha marehemu baba yangu. Na baba alikuwa akisema, kiwanja kina mwenyewe na mnazi una mwenyewe. Hivyo ndivyo walivyoishi watu wa pwani hii kabla hatujazaliwa, shamba la huyu, mnazi wa yule, na hawakugombana. Mnazi ni wa Lulu. Nikiuza nauza ardhi, mnazi siuzi. Nawashuhudisha hawa waongo watatu, na wewe mtu wa Miono uwe shahidi wa kweli.

— Ukianza kuzaa nazi zitatutua kichwani, alisema Issa.

— Chako kina nini cha kuharibika? alisema Mzee Mwinshehe.

Na yeye, ambaye hakusimama kwa bibi harusi, akasimama. Akashika ncha moja ya benchi.

— Shika huko, Mhandisi. Leo ndiyo utaufanya uhandisi.

Benchi liligoma. Miguu ilikuwa imeshikwa na ardhi. Yahya akavuta, Issa akavuta, Dilunga akaweka kofia chini akavuta, na lilipong'oka walianguka wote kwa pamoja kama wavuvi waliokatikiwa kamba.

Kijiko kilikuwa cha matairi, kwa hiyo kilivuka barabara chenyewe kuja kuchimba shimo. Mkono wake ulipozama pale benchi lilipokuwa, udongo ukapanda na mali ya miaka: kete za bao, vikombe visivyo na mkono, ufunguo wa kufuli lisilojulikana, na jino moja la dhahabu la bandia. Mzee Mwinshehe alilirukia kabla halijatulia.

— Jino langu! Yahya, na mimi nilikuita mwizi!

— Miaka kumi na moja hunipi mkono wa Idi vizuri, mzee wangu.

— Nipe sasa.

Wakapeana, na Mahfoudh akasema kwa sauti kubwa kwamba yeye alishasema chini kuna dhahabu, lakini watu hawasikii.

Kisha Mahfoudh akatoa magunia na kamba, hakusema ni ya nini. Wakaenda kule nyuma ya kota, Issa akabaki na Lulu. Mlinzi aliwafungulia geti na safari hii alimtazama Dija usoni, akatabasamu. Dilunga alifunga makuti kwa kamba yasivunjike, kisha akafunga kitambaa kwenye shina, upande wa kibla.

— Mti ukihamishwa usigeuzwe uso, alisema. Uamke pale pale ulipolala.

Dija alizing'oa chupa mwenyewe, moja moja, akazitia kwenye kanga. Meno ya kijiko yalizunguka shina kwa mbali, polepole, kama kijiko cha kweli kinavyozunguka uji wa moto, na tonge la udongo likanyanyuka zima, likavikwa magunia.

Lulu alikuwa amezoea kijiko, hata shimo lilichimbwa amelala, lakini muungurumo wa kurudi ulimwamsha. Alikaa juu ya mkeka, nywele zimesimama upande mmoja, akaona geti limefunguka, na mashine ya njano inatoka taratibu ikiwa imebeba mti mikononi, na mbele yake Mzee Mwinshehe akisimamisha bodaboda kwa bakora, na nyuma yake mama yake, kanga imejaa chupa.

— Mama, alisema. Mnazi wangu unatembea.

Mnazi ulishika. Benchi sasa liko upande wa kokoto, na jua la asubuhi linawapiga usoni wote.